Kikundi: Majirani wa Shela, Malindi

*Jumamosi*

Mwanaisha, 06:12: Asalaam aleikum jamani. Gari limelala. Nikizungusha ufunguo ni tik tik tik, basi. Na saa mbili mama atakikana Mambrui harusini.

Kassim, 06:14: Waaleikum salaam. Sukumeni, vijana wapo barazani.

Mwanaisha, 06:14: Ni otomatiki.

Kassim, 06:15: Basi hapo mtakuwa mwafanya mazoezi tu 😂

Bi Rukia, 06:17: Jana usiku niliona taa ya ndani yawaka, nikadhani mna wageni.

Mwanaisha, 06:17: Bi Rukia! Si ungebisha?

Bi Rukia, 06:18: Saa sita usiku nibishe mlango wa watu kuuliza taa?

Salim, 06:20: Lori langu liko hapa nje, nakuja tulishtue.

Ami Athumani, 06:21: Salim, ngoja. Lori lako si lina betri mbili?

Salim, 06:21: Naam ami.

Ami Athumani, 06:23: Hizo ni volti 24, gari la Mwanaisha ni 12. Utaunguza umeme wote, harusi muione kwenye simu. Kassim ndiye alete lake.

Kassim, 06:24: Nakuja. Na jampa, zile nyaya za kushtulia betri, ninazo.

Ami Athumani, 06:29: Sikizeni. Magari yasigusane, yote yazimwe. Nyekundu kwanza kwenye chanya ya betri iliyolala, ncha ya pili chanya ya Kassim. Nyeusi kwenye hasi ya Kassim. Ncha ya mwisho USIIPELEKE kwenye betri iliyolala, ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Cheche hutoka hapo, na betri hutoa gesi yenye kushika moto. Kassim, sigara iache barazani.

Kassim, 06:30: Ami wanionaje kutoka huko?

Mwanaisha, 06:41: 📷 Ami, vichwa vya betri vimeota unga mweupe na kijani. Ni nini hiki?

Ami Athumani, 06:43: Asidi na hii hewa yetu ya chumvi. Saa hizi sugueni pale jampa itakapouma tu. Kazi yenyewe nitaifanya jioni kwa maji moto na bekinsoda.

Mwanaisha, 06:56: LIMEWAKAAA 🎉 Nizime nikaoge?

Ami Athumani, 06:56: USIZIME!! Kassim akae ndani. Jampa zitoeni kwa kurudi nyuma, iliyofungwa mwisho ndiyo itoke kwanza.

Mwanaisha, 07:02: Mpaka Mambrui itakuwa imejaa?

Ami Athumani, 07:06: Wapi! Altaneta, ile dinamo ya injini, yaweza kuilisha betri nzima, kufufua maiti siyo kazi yake. Mkirudi niletee. Chaja yangu ni ampea 4, betri yako ni ya ampea-saa 45, kwa hiyo ni usiku kucha. Mwenye haraka huichemsha.

Bi Rukia, 13:15: Mambrui pilau ikoje?

*Jumapili*

Ami Athumani, 09:20: Chaja nimeitoa alfajiri nikaiacha betri ipumzike. Sasa yasoma volti 12.6, imejaa. Bado yako hai. Kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho.

Mwanaisha, 09:22: Shukran sana ami. Lakini taa nani aliiacha?

Mama Mwanaisha, 09:31: Nilikuwa natafuta kiatu.

Ami Athumani, 09:34: Kassim, hizi jampa ulizosahau kwangu zina utepe wa buluu. Mwaka juzi nilipoteza kama hizi.

Kassim, 09:50: Ami, nakuja tunywe chai tulizungumze.