Mtaro unafurika kila masika, barua hazijibiwi. Tuanzie wapi?

MkaziBondeni
Wakuu, heshima kwenu. Tuko Dar, nyumba 12. Kila masika mtaro wa barabarani unafurika, maji yanaingia ndani mpaka magotini. Barua mbili zimepelekwa ofisini, kimya. Tufanyeje?

FundiMitaro
Mkuu, kabla ya barua ya tatu shikeni futi mkapime mtaro wote. Mara nyingi tatizo liko kwenye vivuko vya mageti, vile vidaraja vya kuvuka mtaro kuingia nyumbani. Mtaro wa sm 60 kwa 60 una uwazi wa sm za mraba 3,600. Mtu akilaza bomba la inchi 12 chini ya kivuko chake, zinabaki kama 730, yaani kama moja ya tano tu. Hapo kiroba kimoja cha taka kikinasa mdomoni, maji yote yanapanda barabarani. Pigeni picha kila kivuko, futi ikiwa imewekwa kwenye tundu. Barua ya malalamiko matupu haimpi mhandisi pa kuanzia.

MtaaKwanza
Naongezea. Jueni kwanza barabara ni ya nani: kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaani ni TARURA, zote ni wakala za serikali za barabara. Barua ikienda kusikohusika inalala. Suala lipite mkutano wa mtaa, muhtasari uambatanishwe, na nakala moja igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Halafu muda! Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti hupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya Aprili imeshachelewa. Pelekeni Oktoba. Mkifika mahakamani, serikali, halmashauri zikiwemo, hushtakiwa baada ya notisi ya siku 90. Ile nakala yenye mhuri itawasaidia sana siku hiyo.

MkaziBondeni
Asanteni sana. Na nyumba zenyewe? Jirani anataka kuziba geti kwa tofali.

FundiMitaro
Asizibe, tafadhali. Maji yakizidi sm 60 nje huku ndani pakavu, ukuta wa kawaida unaweza kusukumwa ukaangukia watu. Tumieni viroba vya mchanga, vijazwe nusu tu. Kilichojaa kinabaki mviringo na kuacha matundu. Cha nusu kinalala na kubanana na mwenzake. Tandikeni nailoni kwanza, kisha mpange kwa kupishana kama tofali. Msisahau choo, maana maji ya shimo hurudi kwa bomba la inchi 4. Fungeni valvu ya kuzuia maji kurudi, tena ndani ya chemba inayofunguka: mchanga ukinasa kwenye kifuniko cha ndani ya valvu, valvu haifungi.