MJADALA: Aliyekulia na Kiswahili, kwa nini arudishwe "hujambo, sijambo" chuoni?

Wandegeya2
Wakuu, nisaidieni. Mdogo wangu anasoma chuo kimoja Marekani. Kwenye digrii yake lazima uwe na lugha ya pili, la sivyo unakaa darasani mihula minne. Akaambiwa kama lugha unayo tayari, fanya mtihani mtandaoni. Akajifungia chumbani, akasoma, akasikiliza, akaandika, akarekodi sauti yake akijibu maswali mbele ya kompyuta. Lugha yenyewe Kiswahili! Kile kile tulichookota tukicheza mpira kambi ya polisi Naguru. Wiki chache baadaye majibu yakaja: amesamehewa mihula yote minne.

Mimi wa hapa Kampala, kambi ile ile, mama mmoja baba mmoja, nimekaa muhula mzima kwenye kozi ya lazima ya Kiswahili nikifundishwa kusema "mimi ni mwanafunzi". Na karo nimelipa. Swali: vyuo vyetu viruhusu mtihani wa mtandaoni kwa anayejua lugha tayari, au tuendelee hivi hivi? Hoja jamani, si matusi.

MtotoWaMpakani
Viruhusu jana. Mimi ni wa Busia, kwetu ukirusha jiwe linaangukia Kenya. Nikiwa P4, darasa la nne, nilikuwa nauza maji kwa madereva wa malori. Mnadhani nilikuwa nawauzia kwa Lusamia? Halafu nafika chuo mhadhiri ananiuliza, kwa Kiingereza, maana ya neno "maji".

MwalimuNgeli
Nafundisha Kiswahili sekondari, mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo nasema kama mtu wa chaki. Mtihani wa chumbani ni mtihani wa nyumba nzima. Nani anajua chini ya meza kuna simu ngapi na nyuma ya pazia kuna shangazi gani? Na tangu ChatGPT ije mwishoni mwa 2022, hata shangazi hahitajiki tena. Ukimpa mtu cheti kwa njia hiyo, umethibitisha nini?

Tena kuzungumza si kujua. Hawa wetu wa mpakani wanaingia darasani na "kitabu yangu imepotea", "ile mtu ameenda", ukiwasahihisha wanakwambia wamezaliwa nacho. Afadhali yule asiyejua kabisa, huyo hana cha kufutwa.

Wandegeya2
Mwalimu, hilo la shangazi ni zito, ningependa watu walijibu kwanza kabla ya

MtotoWaMpakani
"Hana cha kufutwa"?? Mwalimu, kwa heshima zote. Hicho unachotaka kukifuta kimenilipia karo kuanzia S1, mwaka wa kwanza wa sekondari. Lori likikwama mpakani siku tatu, dereva Mkongo, wakala Mkenya, askari Mganda, wanaelewana kwa lugha gani, kwa ngeli zako? "Kitabu yangu" imefikisha mizigo Kigali na Juba. Wanafunzi wako wa alama za juu wakifika Busia wanaomba kutafsiriwa bei ya samaki.

MwalimuNgeli
Sikukutaja jina, ndugu. Lakini umejitambua mwenyewe.

WakiliBilaKesi
😂😂 Mwalimu ana ulimi wa wembe. Nirudi kwenye swali dakika moja. Huko Marekani kwenyewe hili la kumchunga mtu kwa kamera akifanya mtihani chumbani limefika mahakamani. Jimbo la Ohio, 2022, mwanafunzi alitakiwa azungushe kamera chumba kizima kabla ya mtihani, akashtaki, na jaji wa shirikisho akasema chuo cha umma kukagua chumba cha kulala cha mtu namna hiyo kunakiuka Katiba yao. Sasa hapa kwetu chumba kimoja cha Kikoni kina wanafunzi wanne, kitanda cha juu, jiko la gesi na nguo zimeanikwa. Msimamizi akikagua hicho, nani amemdhalilisha mwenziwe?

Na anayedhani kituo cha mtihani kinaondoa wizi akumbuke Uingereza, 2014. Mtihani wa Kiingereza wa viza, watu wamekaa kituoni, wasimamizi wapo, na bado kamera ya siri ya BBC ikaonyesha watu wakifanyiwa mtihani na wengine. Vyeti zaidi ya 30,000 vikafutwa. Baadaye wengi wakalia kwamba wao walifanya wenyewe na wamechomwa pamoja na wezi. Kwa hiyo, mwalimu, shangazi wa nyuma ya pazia ana dada yake kituoni.

MwalimuNgeli
Wakili, hapo sibishi. Lakini basi suluhisho ni kuwaweka karibu zaidi na si mbali zaidi. Mtu akae mbele yangu dakika kumi na tano tuongee. Nitamjua.

Nnalongo_Masaka
Mnaongea kama kila mtu ana intaneti ya kuchezea. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima siku karibu tano. Mwaka ule ule, Julai, bando zikawekewa kodi ya asilimia 12. Mwanangu alifanya mtihani wa mtandaoni wakati wa korona akiwa amepanda juu ya kichuguu kwa babu yake Lwengo, simu mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili. Alipofika swali la nane mtandao ukamtupa nje. Chuo kikasema amejitoa. Mtihani wa lugha hapo ulikuwa wapi? Ulikuwa mtihani wa kichuguu.

Na lingine, kwa vile limeguswa. Mimi ni Muganda na sitaki kozi yenyewe iwe ya lazima, iwe ya mtandaoni au ya darasani. Kiswahili kwetu ni lugha ya watu waliokuja usiku.

Kambini_Gulu
Haya, imeanza. Nilikuwa nahesabu machapisho, nikasema ya kumi. Imewahi.

MzeeWaBombo
Nnalongo binti yangu, hilo la usiku nalijua. Panda gari, ile ya askari kusomba watu, ilikuwepo, na aliyekuambia "lala chini" alisema kwa Kiswahili. Sikatai. Lakini lugha haikuvunja mlango, mlango ulivunjwa na buti. Sisi Wanubi wa Bombo Kiswahili tumekikuta kwa baba zetu waliokuwa KAR, jeshi la mkoloni, tumeoana nacho, tumezikana nacho. Wakombozi walipoingia Kampala 1979 mtaani kwenu mliwapigia vigelegele, na walikuwa wanaongea nini?

Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa 1973. Tangu hapo kila anayekichukia anakichukia kwa sababu ya Amin. Kabla ya Amin mlikuwa mnakichukia kwa sababu gani?

Nnalongo_Masaka
Shikamoo mzee. Kabla ya Amin sababu ilikuwepo. Wazungu walitaka kutuwekea badala ya Luganda, kwenye miaka ya ishirini na kitu, gavana nani yule, Kabaka, mfalme wetu, akakataa.

WakiliBilaKesi
Gowers, 1927. Kabaka Daudi Chwa akaandika kupinga 1929. Wamisheni nao walikuwa upande wa Kabaka, kwa sababu Biblia yao ilikuwa imeshatafsiriwa kwa Luganda na Kiswahili kilinukia Uislamu kwao. Kwa hiyo si kila aliyepinga alikuwa anatetea mbuzi wako.

Nnalongo_Masaka
Mbuzi wangu ameingiaje hapa?

Kambini_Gulu
Mimi Mwacholi, nipite kati. Waganda, mnasema hamtaki Kiswahili, na nyumbani mna mmeeza, ddirisa, ssabbuuni na kitabo. Saa mnahesabu kama Mswahili. Kampuni ya stima ilijiita Umeme miaka ishirini, 2005 mpaka 2025, hamkuuliza maana, mlijua. Askari akisimama mbele yako barabarani, hata kama ni mtoto wa jirani wa Mukono, unamwita nani? Afande.

Nnalongo_Masaka
Ninamwita afande kwa sababu nataka aniache nipite, ssebo. Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Kambini_Gulu
Hapo umenimaliza.

Wandegeya2
Banange. MTIHANI. MTANDAONI. CHUONI. Nimeuliza kitu kidogo tu.

MtuWaTanga
Habari zenu majirani. Nimepita tu nikasoma. Poleni sana. Kwa nini msiwatume vijana wenu huku kwetu miezi mitatu wakae na wenye lugha? Maana hata hapa mnapoandika naona mnajitahidi.

MtotoWaMpakani
"Mnajitahidi"!!! Mwalimu Ngeli, tusameheane kwanza, kuna mgeni.

MwalimuNgeli
Namwona. Ndugu wa Tanga, karibu, na asante kwa huruma. Hebu tuambie "wenye lugha" ni nani hasa? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Mmombasa na Mlamu mpaka leo wanaona waliporwa. Wewe mwenyewe wa Tanga ulisanifishwa kama sisi.

MzeeWaBombo
Umjibu pia hivi: lugha ya mtu wa pwani ni tamu, lakini barani ilitembea kwa miguu ya wapagazi na askari. Bila miguu hiyo ingebaki kuoga baharini.

MtuWaTanga
Nilikuwa natania jamani 🙏 Uganda mna hasira.

WakiliBilaKesi
Hatuna hasira, tuna rasmi. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa. Baraza la Mawaziri Julai 2022 likasema kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Ndipo swali la kijana wa Wandegeya linapozaliwa: ukiwalazimisha wote, wale wanaojua utawafanya nini? Kwenye Kiingereza tuko upande wa pili wa kamera hiyo hiyo. Wengi wetu tunasoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, digrii nzima ni Kiingereza, ukiomba chuo Uingereza Uganda haimo kwenye orodha yao ya nchi za wasemaji wa Kiingereza, kwa hiyo mara nyingi utaambiwa fanya mtihani, lipa dola, na matokeo yanahesabika miaka 2 tu. Kwani baada ya miaka 2 Kiingereza kinachacha kama maziwa?

Nnalongo_Masaka
Hapa tuko pamoja. Dada yangu amefanya huo mara mbili. Lugha ile ile, mdomo ule ule.

MwalimuNgeli
Niseme kitu ambacho hakitanipendeza mwenyewe. Tatizo langu na mtihani wa mtandaoni si wizi peke yake. Ni kwamba sijui utapima Kiswahili gani. Ukiandikwa na mtu kama mimi, kijana wa kambi ya Naguru ataanguka kwenye maandishi, mtoto wa Nakasero, mtaa wa wakubwa, aliyekariri M-WA, KI-VI atapita, na yule wa pili hawezi kununua hata nyanya Busia. Nimewafundisha wa namna hiyo, na nimewapa alama za juu. Mashine ikimsikiliza anayesema "gari yangu imeharibika", itampa alama gani? Dereva yeyote kuanzia Malaba mpaka Katuna ameelewa.

MtotoWaMpakani
Mwalimu!! Ina maana umebadilika?

MwalimuNgeli
Sijabadilika. Ni "gari langu limeharibika". Nimesema tu ameelewa.

Wandegeya2
Asante mwalimu, hatimaye. Kwa uaminifu niseme: mdogo wangu sauti ilimpa ngazi ya juu, kuandika kulimvuta chini, akapita kwa kujikwaa. Kabla ya mtihani alinipigia akisoma karatasi ya mazoezi, akaniuliza "kitengo" ni nini. Sikujua. Nikamuuliza baba, na yeye amekuwa polisi miaka thelathini, akasema ni mahali anapofanyia kazi. Tukacheka.

WakiliBilaKesi
Kwa hiyo mlimsaidia?

Wandegeya2
KABLA ya mtihani, nimesema. Soma.

WakiliBilaKesi
Nimesoma. Shangazi wa nyuma ya pazia alikuwa baba.

Kambini_Gulu
😂😂😂

MtotoWaMpakani
Tuache ya watu. Mwalimu Ngeli, ulisema mtu akikaa mbele yako dakika kumi na tano utamjua. Mimi siwezi kuja Kampala, nina mzigo. Nikirekodi sauti dakika mbili nikaituma hapa, utanipa ngazi? Mbele ya watu wote?

MwalimuNgeli
Tuma. Mada: eleza jinsi lori linavyopita mpakani kuanzia karatasi mpaka kamba ya mwisho. Usisome.

MtotoWaMpakani
[sauti, 2:07]

MzeeWaBombo
Nimesikiliza mara mbili. Huyu mtoto ametulia. Aliposema "turubai likilegea mvua inajua njia" nikamkumbuka marehemu baba.

Nnalongo_Masaka
Nimeelewa kila neno, na sitaki kukiri.

MwalimuNgeli
Nimesikiliza. Makosa ya upatanisho matatu, nimeyaandika. "Ile muhuri" mara mbili, "karatasi yote ziko" mara moja. Yaliyobaki ni safi. Mpangilio mzuri, hakusita, msamiati wa forodha ananizidi. Ningemsamehe kozi. Nina swali moja tu, ndugu: ni sauti yako?

MtotoWaMpakani
Ya nani tena?

MwalimuNgeli
Sijui. Ndiyo maana nauliza.

MtotoWaMpakani
Mwalimu, njoo Busia, ushuke pale malori yanapopanga foleni, umuulize muuza samaki yeyote.

MtuWaTanga
Samahani kuingilia tena. Huyo jogoo anayewika nyuma dakika ya kwanza, yuko upande wa Uganda au wa Kenya?

Kambini_Gulu
Mtanga karibu nyumbani. Sasa unaelewa mjadala.