Kifurushi gani kinafaa kwa hotspoti ya kazi kila siku?

Mpakato2

Wakuu, naomba msaada wa kuchagua kifurushi. Laptopu moja ya kazi itategemea hotspoti ya simu, siku 22 kwa mwezi. Matumizi: mikutano ya video kama saa mbili kwa siku, barua pepe, nyaraka za mtandaoni, na kupandisha mafaili ya MB 200 hadi 300 kila siku. Sinema hakuna.

Vilivyopo ni vitatu. A ni GB 60 na hakisemi lolote kuhusu hotspoti. B kinaitwa "bila kikomo", ila maandishi madogo yanasema hotspoti ni GB 15 kisha kasi inashuka. C ni laini ya data tupu, GB 100, ya kuweka kwenye ruta, haipigi simu.

Simu ni Android yenye 4G na 5G. Kipi kinafaa, na kabla ya kulipia niulize nini?

---

HesabuKwanza

Mkuu, mikutano ndiyo itakayoamua, hayo mengine ni madogo. Saa mbili kwa siku 22 ni saa 44. Mkutano wa kikundi wenye picha safi hula takriban GB 1 kwa saa, na ukiwa na nyuso nyingi kwenye skrini unaweza kufika GB 2. Kwa hiyo weka GB 44 kama makadirio ya chini. Mafaili ya MB 300 kwa siku 22 ni GB 6.6, kwa sababu kupandisha nako kunahesabiwa, jambo ambalo wengi hulisahau. Barua na nyaraka wape GB 4. Jumla GB 55 hivi, kabla masasisho ya kompyuta hayajagusa kitu.

Sasa B. Siku moja ya kazi ni karibu GB 2.5, kwa hiyo zile GB 15 za hotspoti zinaisha siku ya sita. Baada ya hapo kila kitu kinategemea kasi iliyobaki, na hiyo ndiyo namba ya kudai ikiwa haijaandikwa. Kasi ya kbps 128 inapitisha MB 58 tu kwa saa, yaani faili lako la MB 300 litachukua zaidi ya saa tano. Kasi ya kbps 512 inapitisha MB 230 kwa saa: barua zinakwenda, sauti inakwenda, picha ya video inagandaganda. Kuanzia Mbps 3 unafanya mkutano bila shida. Kwa hiyo "kasi inashuka" yaweza kuwa usumbufu kidogo au mwisho wa kazi. Bila namba usikiguse B.

Kuna njia ya kupunguza mzigo. Sauti peke yake hutumia kbps 60 hadi 80, yaani kama MB 35 kwa saa kila upande. Lakini kuzima kamera yako kunapunguza unachotuma tu. Picha za wenzako bado zinaingia, na hizo ndizo nzito. Tafuta ndani ya programu ya mkutano sehemu ya kuzima video inayoingia, ukizima zote mbili saa 44 zinashuka hadi GB 3 au 4.

---

LainiNaMasharti

Hesabu iko sawa. Mimi nitagusa masharti, kwa sababu GB zilizoandikwa kwenye tangazo si lazima zote zipite kwenye hotspoti.

Swali la kwanza kwa kampuni: je, GB zote za kifurushi A zinatumika kwa hotspoti, au kuna sehemu imetengwa? Uliza hivyo hivyo. Ukiuliza "hotspoti inaruhusiwa?" utajibiwa ndiyo, na jibu hilo halitoshi. Vifurushi vingi vinachanganya data ya kawaida, data ya usiku na data ya mitandao ya kijamii au video, kisha vinajumlisha kuwa namba moja kubwa. GB 60 zinaweza kuwa 25 za kawaida, 20 za usiku na 15 za programu fulani, na kwa kazi ya mchana unazo 25.

Data ya programu maalumu ina tatizo lake kwenye hotspoti: mara nyingi kampuni hutoa ofa hiyo kwa kinachotoka kwenye simu yenyewe tu. Ukifungua huduma ileile kwenye laptopu, inakatwa kwenye data ya kawaida, au haifunguki kabisa. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya jambo hili lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja huo, ikaamua tarehe 2 Septemba 2021 kwamba kubana hotspoti kwa sababu mteja amewasha ofa ya aina hiyo kunakiuka kanuni ya intaneti huru, Kanuni 2015/2120. Kwingine kinachokulinda ni mkataba wako, kwa hiyo usome.

La pili: GB za hotspoti zikiisha, kinachopungua kasi ni hotspoti pekee au laini nzima? La tatu: kuna kikomo cha ubora wa video? Baadhi ya vifurushi hushusha video zote hadi 480p, na kwenye skrini ya laptopu maandishi madogo ya anayeonyesha kazi yake hayasomeki. La nne: kasi inabanwa saa za msongamano? Vifurushi vya "bila kikomo" mara nyingi huwekwa nyuma ya foleni mnara ukijaa.

Majibu yote yapate kwa maandishi, ujumbe mfupi au barua pepe. Na kama kampuni ina kifurushi kidogo cha siku moja chenye masharti yaleyale, kinunue ukipime kwa laptopu kabla ya kulipia mwezi.

---

Mpakato2

Asanteni sana. Kampuni imejibu kwa maandishi: A, GB 60 zote zinatumika kwa hotspoti, mchana na usiku. Nimejaribu kifurushi kidogo cha aina hiyo. Simu inafungua kila kitu, laptopu inashika hotspoti lakini inaandika imeunganishwa, hakuna intaneti. Tatizo ni laini au simu?

---

FundiAPN

Mara nyingi hapo ni APN, yaani mipangilio inayoiambia simu iingie vipi kwenye intaneti ya kampuni. Kabla ya kuigusa, zima waifai ya simu na uhakikishe kweli inafungua kurasa kwa data ya laini. Kisha fuata mpangilio huu, hatua moja moja, ujue ipi imetibu:

1. Zima VPN (programu ya kupitisha data yako kwenye njia ya faragha) kwenye simu kama ipo, na programu yoyote ya kubana data. Kwenye Android, trafiki ya laptopu kwa kawaida haipiti kwenye VPN ya simu, na baadhi ya programu hizo huziba njia ya hotspoti kabisa. Ukihitaji VPN, iweke kwenye laptopu yenyewe.

2. Fungua Mipangilio, mtandao wa simu, kisha APN. Piga picha ya skrini ya mipangilio iliyopo usije ukaipoteza. Angalia mstari wa aina ya APN. Ukiona "default,supl" tu, ongeza dun iwe "default,supl,dun", bila nafasi baada ya mikato. Hiyo dun ndiyo inayoiambia simu kwamba APN hiyo inaweza pia kubeba data ya kifaa kingine. Isipokuwepo, baadhi ya simu hutafuta APN tofauti ya hotspoti, haziipati, na laptopu inabaki imeshika waifai isiyo na intaneti nyuma yake.

3. Palepale, mstari wa itifaki ya APN uweke IPv4/IPv6. Hifadhi, washa hali ya ndege sekunde 10, zima, jaribu tena.

4. Bado? Unganisha kwa waya wa USB. Ikifanya kazi kwa USB na si kwa waifai, tatizo liko kati ya simu na laptopu: badilisha bendi ya hotspoti kutoka GHz 5 kwenda 2.4, au isahaulishe laptopu mtandao huo na uunganishe upya. Isipofanya kazi hata kwa USB, rudi kwa kampuni.

Kama APN imefungwa huwezi kuihariri, jaribu kuunda mpya yenye maelezo yaleyale. Ikikataa pia, simu inafuata mipangilio ya kampuni iliyomo kwenye programu yake, hasa simu zilizouzwa na kampuni ya simu. Kwenye iPhone hali hiyo huonekana tofauti: sehemu ya Personal Hotspot inakosekana, au inakuambia uwasiliane na kampuni. Maana yake mara nyingi ni kwamba laini haijafunguliwa huduma hiyo, na hakuna cha kurekebisha upande wako.

Niongeze kuhusu zile mbinu za "hotspoti ya siri" zinazosambazwa. Kila pakiti ya data hutoka na namba ya kuhesabu vituo, TTL. Simu za Android, iPhone na kompyuta za Mac huanza na 64, Windows huanza na 128. Laptopu ikipita kwenye simu namba inapungua moja, kwa hiyo kampuni ikiona 63 au 127 inajua kuna kifaa nyuma. Watu hubadilisha namba hiyo kwenye laptopu, na inaweza kupita kwa muda. Lakini kampuni ina njia nyingine za kutambua, na ukishikwa unaweza kukatiwa laini katikati ya mkutano. Kwa kazi inayokulisha, lipia kifurushi kinachoruhusu wazi.

---

WayaMmoja

Ikishakubali, usiache laptopu itumie GB bila wewe kujua. Kompyuta ikiona waifai hudhani ni mtandao wa nyumbani usio na kipimo: inashusha masasisho, inasawazisha picha, inahifadhi nakala. Sasisho moja kubwa la Windows ni GB kadhaa, na kifurushi cha GB 60 chenye mahitaji ya GB 55 hakina nafasi hiyo. Kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la hotspoti, washa "Metered connection". Kwenye Mac, kuanzia macOS 13, kwenye maelezo ya mtandao huo washa "Low Data Mode". Programu za kuhifadhi mafaili zisimamishe kwa mkono, si zote zinazotii alama hiyo. Na ukibadilisha jina la hotspoti, rudia, kwa sababu laptopu italiona kama mtandao mpya.

Kwa kukaa mezani tumia waya wa USB. Simu inachaji, hakuna kugombania mawimbi ya waifai na majirani, na mawasiliano yanakuwa tulivu zaidi kwa mikutano. Hakikisha ni waya wa data, kuna nyaya za kuchaji tu ambazo laptopu haitaiona simu kabisa. Bluetooth hula betri kidogo lakini kasi yake ni ya Mbps 1 au 2, inatosha barua pepe tu.

Joto ni adui wa kweli. Simu inayochaji, inashika 5G na kurusha waifai kwa saa mbili hupata moto, ikishapata moto inajipunguzia kasi au inazima hotspoti. Itoe kwenye kava, iweke mahali pa kupitisha hewa, isikae juani dirishani. Kama 5G ya hapo inaingia na kutoka, ilazimishe 4G: kurukaruka kati ya mitandao kunakata mikutano kuliko kasi ndogo.

---

Mpakato2

Ilikuwa APN, dun haikuwepo. Sasa laptopu inafungua. Kilichobaki: nichukue A au C? Na je, naweza kuchukua laini ya A nikaiweka kwenye ruta?

---

MnaraNaAntena

Kuhamisha laini ya A kwenye ruta kwanza kuulizie. Tarakimu 8 za mwanzo za IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, hutaja aina yake, kwa hiyo kampuni inajua laini iko kwenye simu au kwenye ruta bila kupekua data yako. Masharti mengine yanaruhusu hotspoti kwenye simu na papo hapo yanakataza ruta.

Kati ya A na C, pima mawimbi pale utakapokaa. Kwenye Android nenda Kuhusu simu, hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwa 4G, -80 hadi -90 ni nzuri, -100 ni ya kuvumilia, chini ya -110 tegemea kukatika. Mawimbi yakiwa hafifu, kupandisha ndiko kunakoumia kwanza, kwa sababu mnara una nguvu kubwa ya kurusha na simu ina takriban wati 0.2 tu. Ndiyo maana unawasikia wenzako vizuri na wao wanakusikia kwa vipande. Ukiwa na kipimo hicho kibaya, C yenye ruta ya kuwekwa dirishani, au yenye matundu ya antena mbili za nje, itakupa kazi bora kuliko simu yoyote. Ruta ya 4G ya daraja la 4 inafika Mbps 150 kwa nadharia, ya daraja la 6 inafika 300 kwa kuunganisha bendi. Hakikisha inashika bendi za kampuni yako, hizo uziulize kwa namba.

Mawimbi yakiwa mazuri, A inatosha mradi uzime video zinazoingia kwenye mikutano ambayo huhitaji kuona nyuso. Usipoweza hilo, GB 55 ndani ya 60 ni finyu mno, chukua C.

Kitu kimoja kuhusu C: data ya simu mara nyingi hutolewa kwa anwani ya IP ya pamoja, yaani wateja wengi wanaonekana nje kwa anwani moja. Ukiona ruta imepewa anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hutaweza kuifikia kompyuta au kamera iliyo nyuma yake ukiwa nje kwa kufungua mlango kwenye ruta. Mikutano na barua haziguswi. Kama unahitaji kuingia kutoka nje, uliza anwani ya umma kabla ya kusaini, au tumia VPN inayoanzishwa kutoka ndani.