Picha ya Kilimanjaro kwa mabaki ya mafundi: kitambaa kinajikusanya, kanga inachuja

shonapicha
Habari wakuu. Natengeneza picha ya ukutani, Kilimanjaro inavyoonekana kutoka Moshi, sentimita 90 kwa 60. Vipande ni vya kitenge na kanga kutoka kwa mafundi. Anga na barafu ni mashuka ya mitumba. Nikipiga zigizaga kitambaa kinajikusanya. Halafu nilipopiga pasi ya mvuke, kanga nyekundu ikachujia kwenye barafu. Nakosea wapi?

sindano_14
Shuka peke yake halibebi mishono yote hiyo. Weka chini yake blanketi jembamba kuukuu, ukizidisha sentimita 5 kila upande kwa sababu kazi itasinyaa. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono kutoka katikati kwenda pembeni, kila sentimita 10. Zigizaga iwe upana 3, urefu kama 1.5, ukibana zaidi, uzi unajazana na kukunja kitambaa. Legeza kidogo uzi wa juu.

Vipande vilivyokatwa mshazari, hasa mabaki ya sketi za kloshi, vinavutika hata ufanyeje. Hivyo vipe kazi ya majani ya migomba.

Anza na vya nyuma: anga, Kibo (kilele chenye barafu), ukanda wa mawe, msitu, migomba mwisho. Kila kipande kilalie cha nyuma yake sentimita 1, hutahitaji kukunja pindo.

mama_vipande
Mdau, kanga loweka kwenye maji ya moto kabla hujaikata, suuza mpaka maji yawe meupe. Ikiwa bado mbichi, ibane kwa pasi juu ya kitambaa cheupe: ikiacha alama, irudie. Chumvi na siki ni kujifariji tu. Barafu iliyokwisha kuchafuka usiitie dawa ya madoa, italamba na anga. Shonea kipande kipya juu yake.

Ukitaka ukungu juu ya msitu, mtandio wa shifoni unafaa. Ila choma uzi wake kwanza: ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, pasi ya moto itautoboa.

sindano_14
Nyongeza: ukibandika kitambaa cha gundi cha kola nyuma ya vipande, mchoro unaochora upande usio na gundi unageuka, kulia kunakuwa kushoto. Kutoka Moshi, Mawenzi, kile kilele kingine, iko kulia.

shonapicha
Duh. Yangu iko kushoto. Nafumua.