Kiumbe wa Frankenstein alionewa, sawa. Na Justine je?

Wakuu, kila inapotajwa Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley, mjadala huishia pale pale: mkosaji ni Victor Frankenstein, yule wanayemwita zimwi ni mhanga. Hata mimi nilikuwa upande huo kwa miaka. Leo naomba tuufungue upya, kwa sababu kuna msichana mmoja ndani ya kitabu tunampita kama vile hayumo.

Kwa ambaye hajakisoma: kilitoka London Januari 1818 bila jina la mwandishi, na Mary alikuwa na miaka 20 tu. Victor, kijana wa Geneva anayesoma chuo cha Ingolstadt, anaokoteza viungo vya maiti, anaviunga, na kumpa uhai kiumbe mwenye urefu wa futi nane. Jicho la manjano likifumbuka, Victor anakimbilia chumbani. Baadaye usiku huo kiumbe anamfuata kitandani, anainua pazia, midomo inajaribu kutabasamu, mkono mmoja umenyooshwa kwake. Mwenzake anatoka mbio hadi uani na kukesha huko. Hata jina hakumpa.

Hapo simtetei Victor hata kidogo. Na yanayofuata yananiuma kila ninaposoma. Kiumbe anajificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini ya De Lacey, anawachungulia kupitia ufa wa ukuta, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza. Akigundua kwamba chakula anachowaibia kinawaacha na njaa, anaacha, anakula matunda ya porini. Usiku anawakatia kuni na kuziacha mlangoni. Siku anayothubutu kuingia, mzee kipofu anamsikiliza vizuri. Kisha Felix, mtoto wa mzee, anafika, anamwona amekumbatia magoti ya baba yake, anampiga kwa fimbo. Angeweza kumrarua Felix kama simba anavyomrarua swala, mwenyewe anasema hivyo, lakini anajizuia na kuondoka. Baadaye anamwokoa msichana aliyekuwa anazama mtoni, malipo yake ni risasi. Kama kuna aliyezaliwa na damu ya kunguni, ni yeye.

Sasa njooni Geneva. Kiumbe anakutana na mtoto William, mdogo wake Victor, anasikia jina la Frankenstein, anamkaba hadi anakufa. Hiyo niite hasira. Shingoni mwa mtoto kuna picha ya mama yao Victor, anaichukua. Anaingia bandani kujificha, anamkuta Justine Moritz, mtumishi wa nyumba ya akina Frankenstein, amelala juu ya majani makavu. Justine alikuwa amezunguka kumtafuta William mpaka milango ya mji ikafungwa, akalala alipofikia. Kiumbe anaisogeza ile picha na kuipenyeza kwenye mikunjo ya nguo yake. Halafu anatueleza kwa ulimi wake kwamba masomo aliyoyapata kwa Felix, pamoja na sheria za wanadamu zinazomwaga damu, ndiyo yaliyomfundisha namna ya kudhuru. Alijua ushahidi hufanya kazi gani mahakamani. Justine akahukumiwa, akauawa.

Na Justine ni nani? Ni mtoto aliyekataliwa na mama yake mzazi. Mama hakumpenda tangu utotoni. Baba alipofariki akamtesa. Ndugu zake walipokufa mmoja baada ya mwingine, mama akamrudisha nyumbani na kumtupia lawama za vifo vyao. Amesukumwa maisha yake yote, na yeye hakumdhuru mtu yeyote. Kwa hiyo swali langu: mnaosema kukataliwa ndiko kulikomfanya kiumbe awe muuaji, mnamweka wapi huyu?

*Nimerudi baada ya kusoma majibu.*

Hoja nzito kuliko zote inasema Justine alipata mlango: akiwa na miaka 12, mama yake Victor alimchukua akamlea vizuri. Kiumbe hakupata hata mtu mmoja wa namna hiyo. Hii naikubali, na imenisogeza kidogo. Kwa kweli inaumiza zaidi, kwa sababu inaonyesha mtu mmoja angetosha. Labda yule mzee kipofu angekuwa ndiye, kama Felix angechelewa kurudi saa moja.

Mwingine ameleta "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Sidhani inafaa hapa. Huyu alilelewa kwa ufa wa ukuta, na malezi hayo yalimtoa mtu mzuri. Alisoma vitabu vya waandishi Milton, Plutarch na Goethe. Aliposikia masaibu ya wenyeji wa asili wa bara la Amerika yakisomwa ndani ya nyumba ile, alilia. Aliwalilia watu ambao hajawahi kuwaona, kisha akamwinamia binti aliyelala usingizi wa uchovu mbele yake na kumtegea kifo. Mtu asiyejua huruma ni nini ningemsamehe haraka zaidi.

Aliyeuliza kuhusu ukimya wa Victor yuko sahihi kabisa. Victor alimwona kiumbe kwa mwanga wa radi karibu na mahali William alipouawa, akajua. Alikaa mahakamani akanyamaza, kwa kuhofia wangemwona kichaa. Padri naye alimtishia Justine kwa kutengwa na kanisa na moto wa jehanamu hadi akakiri uongo. Duniani kulikuwa na wawili tu waliomjua muuaji: mmoja alipanga ushahidi, mwingine alifunga mdomo.

Na kwa wanaosema kiumbe alitubu mwishoni: ndiyo, kule kwenye barafu ya kaskazini, mbele ya maiti ya Victor, analia kweli. Anakiri kuua wasio na hatia. Anamtaja Clerval, rafiki wa Victor ambaye yeye kiumbe alimuua. Anawakumbuka waliomkosea pia: anauliza kwa nini hakuna anayemchukia Felix, wala yule mkulima aliyempiga risasi. Victor mwenyewe, kabla ya kufa, alikuwa ameyataja majina ya waliokufa, na la Justine likiwemo. Nimeyasoma maneno ya mwisho ya kiumbe mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye karatasi, nikilitafuta jina hilo. Halimo.