Unterhaching: 50+1 ndio imewaua au tunaisingizia tu sheria ya watu?

mzee_wa_kona:
Wakuu habari za wikiendi. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa. Kuna jamaa anang'ang'ania kwamba Wajerumani wanaziua timu zao ndogo kwa hii sheria ya 50+1, ile inayotaka wanachama wa klabu wawe na kura nyingi kuliko mwekezaji, na mfano wake ni Unterhaching, eti wangeruhusiwa kuwa na tajiri mwenye timu leo wangekuwa bado Bundesliga, ligi kuu ya kule. Mimi nikakataa, kelele zikazidi, mwenye kijiwe akatutimua, nikaona nilete huku.

Kwa vijana wasioijua, Unterhaching ni kamji kako kusini mwa Munich, watu kama elfu 25 hivi, yaani unapanda treni za mjini tu unafika. Timu ni ya 1925 na kwenye nembo yao wamechora kile chombo cha kuteleza kwenye barafu maana klabu ina watu wa huo mchezo pia. Sasa timu yenye nembo ya barafu ikapanda Bundesliga 1999 na kocha Lorenz-Günther Köstner, kila mtu akajua hawa wamekuja kutalii tu. Msimu wa kwanza wakamaliza wa 10.

Halafu ikaja tarehe 20 Mei 2000. Leverkusen wanakuja kwenye kiwanja chao kinachoingiza watu elfu 15, wanataka sare tu, narudia SARE TU, wawe mabingwa wa Ujerumani kwa mara ya kwanza, na kikosi kina Ballack, Emerson, Zé Roberto, Kirsten, benchi kakaa kocha Daum. Dakika ya 20 na ushee Ballack anajifunga. Kipindi cha pili Markus Oberleitner anaweka la pili, kwisha habari. Bayern kule mjini wanampiga Bremen 3-1, pointi 73 kwa 73, ubingwa unaamuliwa kwa tofauti ya magoli, unakwenda Bayern. Na kumbuka Leverkusen ni timu ya kiwanda cha dawa cha Bayer, wao na Wolfsburg ya Volkswagen ndio walioruhusiwa tangu mwanzo kutofuata hiyo 50+1. Yaani mwenye ruhusa ya kuwa na tajiri kafungwa na asiye nayo, huyo jamaa yangu hili hakulijibu.

Mwaka uliofuata, 19 Mei 2001, Haching (Unterhaching hao hao, kwa kifupi) wako kwa Schalke wanapigania kubaki. Wakaongoza 2-0, wakaongoza tena 3-2, wakafa 5-3. Wote tunakumbuka Schalke walivyoshangilia ubingwa dakika chache halafu Patrik Andersson wa Bayern akawakata maini na ile faulo ya dakika za nyongeza kule Hamburg, Bayern bingwa tena. Ila nani anakumbuka kwamba uwanja ule ule, saa ile ile, kulikuwa na timu nyingine inashuka daraja na hakuna hata kamera iliyowageukia?

Hapo ndo safari ya kushuka ikaanza. 2002 wakashuka tena, 2003 wakarudi daraja la pili, 2007 wakashuka, 2015 wakaenda mpaka daraja la nne, 2017 wakapanda, 2021 wakashuka wakiwa mkiani, 2023 wakapanda kwa kuwatoa Energie Cottbus kwenye mchujo, 2025 wakashuka mkiani tena. Kama lifti ya jengo bovu.

Sasa hoja yangu. 50+1 ni ya 1998 na inasema kitu kimoja tu, wanachama wabaki na kura nyingi, nusu na moja juu. Haikatazi pesa kuingia. Haching wenyewe Julai 2019 walipeleka hisa soko la hisa la Munich, klabu ya pili Ujerumani kufanya hivyo baada ya Dortmund. Kwa hiyo mlango wa pesa ulikuwa wazi na waliupita. Kilichowamaliza ni daraja la tatu lenyewe, kule unatakiwa uwe na uwanja wa watu zaidi ya elfu 10 na timu ya kulipwa kabisa, halafu pesa za televisheni ni za mboga ukilinganisha na daraja la juu yake. Ukikaa huko miaka mitano bila kupanda unakula mtaji. Nawasilisha.

tajiri_mtoto:
Mkuu umeandika vizuri ila umejifunga kama Ballack 😂 Hizo hisa za 2019 nani mwenye akili anaweka pesa ndefu mahali ambapo hana kura? Unaniambia nitoe mamilioni ya euro halafu siku ya maamuzi wazee wa mji wenye kadi za uanachama wananipigia kelele? Ndo maana wanapata wawekezaji wa pesa ndogo ndogo. Angalia Hoffenheim, hicho ni kijiji cha watu kama elfu 3, Dietmar Hopp, tajiri wa kampuni ya kompyuta ya SAP, kawatoa ligi za mchangani kawafikisha Bundesliga 2008. Bila tajiri ile ni timu ya ndondo. Haching walikosa Hopp wao, basi, mengine ni hadithi.

mzee_wa_kona:
Tajiri umenisaidia kazi. Hopp alipanda na Hoffenheim 2008 akiwa NDANI ya 50+1, pesa nyingi zake lakini kura nyingi zilibaki za wanachama. Ruhusa ya kumiliki kura nyingi kaipata 2015 timu ishakaa Bundesliga miaka, na 2023 kazirudisha mwenyewe kwa wanachama. Sasa hapo sheria ilimzuia nini?

otieno_wa_stima:
Niaje watu wa mpira. Mimi nasimama na mzee hapo lakini naona nyote mnakwepa swali, mnaongea kama tajiri akishaingia haendi. Wattenscheid je? Mtaa tu wa Bochum, Klaus Steilmann mwenye viwanda vya nguo akaibeba mgongoni miaka na miaka, wakacheza Bundesliga 1990 hadi 1994, Souleymane Sané yule Msenegali baba ya Leroy alikuwa anawafungia magoli pale. Mzee Steilmann alipopunguza mkono timu ikaanza kuporomoka, na 2019 wakafilisika katikati ya msimu wakajitoa ligi ya daraja la nne. Sisi hapa Kenya tunaijua hiyo movie, 2019 wadhamini wa kubeti SportPesa walipofunga virago Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards) walibaki wanahangaika na mishahara, wachezaji wakagoma. Mtu mmoja akishika bomba lote siku akifunga mnakufa kiu wote. Haching angalau bado wapo.

tajiri_mtoto:
Wapo wapi kaka? Daraja la nne? Hata mimi nipo 😂

bi_rehema_nje_ya_18:
Samahanini wakubwa, naomba niingie. Kaka zangu mnalumbana kuhusu kura na tajiri lakini hakuna aliyefungua ramani. Hii timu iko mlangoni kwa Bayern. Mtoto wa Unterhaching akizaliwa babu yake anamnunulia jezi ya Bayern, na asiyeipenda Bayern anakwenda 1860, klabu nyingine ya Munich, hao 1860 wako daraja la tatu na bado wanajaza uwanja. Haching wanabaki na nani? Heidenheim mnayemuona amepanda 2023 akamaliza wa 8 msimu wake wa kwanza, mji wa watu kama elfu 50, hana jirani mkubwa wa kumla mashabiki pale mlangoni na kocha Frank Schmidt yuko nao tangu 2007, amekaa mpaka amekuwa kama samani ya nyumba. Hakuna mwarabu wala mrusi pale. Kwa hiyo tajiri_mtoto hoja yako ya ni lazima tajiri kwangu inachechemea.

Ila na wewe mzee_wa_kona usijifanye malaika, uongozi umeupitisha kimya kimya. Rais wao wa wakati ule Manfred Schwabl, aliyecheza Bayern na 1860 enzi zake, ndiye aliyewapeleka soko la hisa kwa ndoto ya daraja la pili, miezi michache baadaye corona ikafunga viwanja. Hiyo ni bahati mbaya nakubali, lakini mpango wote ulisimamia kupanda, na wasipopanda je? Hamna. Ndo nyumba ya kukopea harusi.

mzee_wa_kona:
Dada hapo umenibana, hilo la ramani sikuliandika na ni kweli ni kubwa kuliko sheria. Hilo la Schwabl naligawa nusu kwa nusu. Kuna upande alipatia, ile sera ya kulea watoto. Karim Adeyemi aliachwa na Bayern akiwa mdogo wakamchukua wao, 2018 wakamuuza Salzburg kwa karibu euro milioni 3, baadaye akaenda Dortmund. Kwa timu ya daraja la tatu hizo ni pesa za miaka. Shida huwezi kupata Adeyemi kila msimu.

mwanachama_51:
Mimi nimekuwa nasoma tu. Nyie wa Bongo mnaoshangilia matajiri mnasahau hata kwetu kanuni ni ileile kasoro namba, wanachama 51 wawekezaji 49, na Simba na Yanga tumebishana miaka juu ya hiyo 51 kama vile ni urithi wa baba. Wenzetu Ujerumani mwanzoni mwa 2024 walirusha mipira ya tenisi uwanjani wiki kwa wiki mechi zinasimama, mpaka ligi ikaachana na ule mpango wa kuuza asilimia 8 ya mapato ya haki za matangazo kwa miaka 20, mzigo wa kama euro bilioni 1. Mashabiki walikataa pesa! Sasa mtu wa hivyo unamwambia amtafutie Haching tajiri?

tajiri_mtoto:
Waliokataa ni wa timu kubwa mkuu. Walioshiba. Muulize aliyekaa jukwaani Haching mwaka 2025 timu inashuka mkiani kama angekataa.

otieno_wa_stima:
Hapo buda umeongea.

bi_rehema_nje_ya_18:
Hapo kidogo umenigusa na mimi, sitabisha.

mzee_wa_kona:
Sawa, basi tajiri nikuulize wewe mwenyewe mpenda uwekezaji. Zile hisa za Haching za 2019, ungenunua?

tajiri_mtoto:
Haching? Mzee bora niweke mkeka.