Hatari imepita, mbona mwili bado unaogopa?

Mwendesha bodaboda, Arua
Ndugu zangu, habari za jioni. Miezi miwili iliyopita lori lilinikosakosa nikiwa na abiria katika barabara ya Koboko, lakini hatukupata hata mchubuko. Tangu siku hiyo, honi ya lori ikilia nyuma yangu, moyo hunienda mbio, viganja hutoka jasho na tumbo hukaza, ingawa naona wazi kwamba hakuna hatari. Najiambia nitulie, mwili hausikii. Je, ni woga tu?

Muuguzi, Gulu
Pole sana, kaka. Si woga. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo ikisikia honi hupiga mbiu kabla sehemu inayofikiri haijamaliza kuipima, na ndiyo maana unapojiambia utulie moyo tayari unakimbia. Neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kukabili hatari, huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini, homoni inayouchochea moyo, na damu hupunguzwa tumboni ili ipelekwe kwenye misuli. Kortisoli, homoni nyingine ya msongo, huja nyuma polepole na kukawia kuondoka. Pengine ndiyo sababu mtu hufika nyumbani akiwafokea watoto bila kosa.

Breki ipo: neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Nyuzi zake nyingi hupeleka habari kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo, kwa hiyo pumzi husikika pale ambapo maneno hayafiki. Egesha pikipiki, uvute pumzi taratibu, kisha uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kama pumzi 6 kwa dakika.

Mwalimu wa biolojia, Jinja
Dada muuguzi amesema vyema, ila pumzi hutuliza tu, haifuti alichojifunza ubongo. Ubongo hujifunza usalama kwa kuisikia honi mara nyingi bila kudhurika. Ukiikwepa barabara hiyo, hofu itadumu. Tena jihadhari na wauza tiba za vagasi mitandaoni: nadharia ya mwanasaikolojia Stephen Porges ya mwaka 1994 kuhusu jinsi neva hiyo inavyoongoza hisia za usalama na hofu, wanayoitegemea wengi wao, ingali inabishaniwa na wataalamu. Je, unaota tukio hilo? Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja pamoja na ndoto za kutisha, inahitaji mhudumu wa afya ya akili.

Mwendesha bodaboda, Arua
Ndoto ninazo, mwalimu, karibu kila wiki. Sikuzitaja kwa aibu. Kesho nitapita kituo cha afya kabla ya kwenda steji.